Afisi Ndogo, Karatasi Nyingi: Zipi Zinatakiwa na Sheria, Zipi Zinaweza Kuachwa

Katika maduka mengi ya jumla, ya pembejeo na ya vifaa vya ujenzi hapa Bungoma, nyuma ya kaunta kuna chumba kidogo kinachoitwa afisi. Ndani yake mna meza, kompyuta moja, printa, na rafu ya faili zilizovimba hadi kamba haizifungi tena. Chini ya meza kuna katoni ya risiti za mwaka juzi. Hakuna anayethubutu kuitupa kwa sababu huenda siku moja maafisa wa ushuru wakaja kuuliza, na hakuna anayeifungua kwa sababu hakuna anayejua kilichomo.

Hofu hiyo ina msingi. Mfanyabiashara anatakiwa kuweka rekodi, na asiyekuwa nazo huumia siku ya kukaguliwa. Lakini sheria haisemi kwamba rekodi lazima iwe karatasi. Sehemu kubwa ya kilicho kwenye rafu hizo ni nakala ya pili, ya tatu au ya nne ya habari ambayo tayari imehifadhiwa mahali pengine. Mwenye biashara anayejua kutofautisha aina hizo mbili hahitaji kununua programu ghali ili apunguze karatasi.

Mauzo mamoja, karatasi kumi

Chukulia duka la pembejeo lenye wafanyakazi 6 ambalo limeuzia shule ya bweni mifuko 10 ya mbolea kwa mkopo wa siku 30. Shule inaleta barua ya kuagiza. Hiyo ni karatasi ya kwanza. Duka linachapisha karatasi ya bei, nakala moja ya shule na nyingine ya faili. Mzigo ukitoka, kitabu cha kupokelea bidhaa kinajazwa kwa kaboni, kurasa tatu kwa mpigo. Ankara ya eTIMS inachapishwa mara mbili. Shule ikilipa, kitabu cha risiti kinatoa kurasa mbili zaidi. Jumla ni karatasi 10, na bado mhasibu hajachapisha taarifa ya benki ya mwezi mzima ili aweke alama ya kalamu nyekundu kwenye mstari mmoja tu.

Karatasi hizo zikisomwa moja baada ya nyingine, zinarudia mambo yale yale: nani amenunua, amenunua nini, kwa bei gani, lini. Ni mbili tu zenye jambo lisilopatikana kwingine. Ya kwanza ni barua ya kuagiza, inayoonyesha kwamba shule ndiyo iliyoomba mzigo. Ya pili ni ile yenye sahihi ya aliyeupokea. Shule ikikataa deni mwakani, hizo mbili ndizo zitakazomsaidia mwenye duka. Nyingine nane zinaweza kupatikana upya kwenye kompyuta, kwenye simu, benki au kwenye mtambo wa KRA.

Duka likifanya mauzo manne ya namna hiyo kwa siku, linatumia karatasi 40. Kwa siku 26 za kazi ni karatasi 1,040 kwa mwezi, yaani zaidi ya rimu mbili, kwa kuwa rimu moja ina karatasi 500. Kwa mwaka ni takriban rimu 25. Karatasi moja ya kawaida ya A4 ina uzito wa gramu 5, hivyo rimu ni kilo 2.5, na duka hilo dogo linajikusanyia zaidi ya kilo 60 za karatasi kila mwaka. Kwa sheria ya miaka mitano, hiyo ni zaidi ya kilo 300 katika chumba chenye meza moja.

Bei ya rimu si gharama kubwa kuliko zote. Wino hula zaidi. Afisi isiyo na printa nayo hutuma kijana saiba, na kwa shilingi 10 kwa ukurasa, kurasa 40 ni shilingi 400 kwa siku, bila kuhesabu muda aliosimama kwenye foleni. Kisha kuna saa zinazopotea kutafuta karatasi moja katikati ya kilo 300. Mkaguzi akiomba ankara ya Machi ya miaka mitatu iliyopita, rekodi isiyoonekana haina tofauti na rekodi isiyokuwepo.

Kuhusu miti, wakazi wa Webuye hawahitaji kufunzwa. Kiwanda cha karatasi cha mji huo kilipofungwa mwaka 2009, watu wengi walipoteza ajira, na hadi kiliponunuliwa na mwekezaji mpya mwaka 2016 mji ulikuwa umekwisha kuonja maisha bila kiwanda. Kwa hiyo kusema karatasi ni adui wa mazingira na kuishia hapo ni kurahisisha mambo katika kaunti hii. Mwenye duka ana sababu za kutosha za kupunguza karatasi katika daftari lake la hesabu.

Sheria inataka nini hasa

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamtaka mlipa ushuru kuhifadhi stakabadhi kwa miaka mitano tangu mwisho wa kipindi cha ushuru kinachohusika. Zinatakiwa kuwa katika mojawapo ya lugha rasmi, Kiswahili au Kiingereza, na ziwe katika hali inayowezesha kiasi cha ushuru kujulikana bila tabu. Sheria hiyo inapoeleza maana ya stakabadhi, inataja vitabu vya hesabu, risiti, ankara na mikataba, na pia habari iliyohifadhiwa katika chombo cha kielektroniki. Faili ya PDF iliyotunzwa vizuri ni stakabadhi, sawa na karatasi.

Ankara za eTIMS zimebadilisha mambo zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliwi wakati wa kukokotoa ushuru wa mapato, isipokuwa zile zilizoondolewa na kanuni, kama vile mishahara. Ankara hiyo huzaliwa ikiwa ya kielektroniki. Ina nambari yake na alama ya mraba inayosomwa kwa simu, na habari zake hufika KRA bila kupitia printa. Hata mwenye kibanda asiye na kompyuta anaweza kuitoa kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Kuichapisha mara mbili na kuigonga muhuri hakuiongezei nguvu yoyote. Inatosha kumtumia mnunuzi faili kwa barua pepe au WhatsApp, na nakala ikabaki kwenye folda ya mwezi huo. Mnunuzi anayetaka ankara itambulike katika hesabu zake ahakikishe PIN yake imeandikwa sawasawa; kosa katika PIN ni hatari kuliko kukosa muhuri.

Kuna karatasi nyingine ambayo wengi huiamini kupita kiasi: risiti nyembamba inayong'aa inayotolewa na vituo vya mafuta, maduka ya kujihudumia na mashine za malipo. Maandishi yake hayatokani na wino. Karatasi yenyewe hugeuka nyeusi inapopata joto. Kwa sababu hiyo hufifia ikikaa juani, ikishikwa na mikono yenye mafuta, au ikiwekwa ndani ya mfuko wa plastiki, mahali ambapo wahasibu makini hupenda kuiweka. Baada ya mwaka au miaka miwili huenda ikabaki nyeupe kabisa ndani ya faili, na miaka mitano haijaisha. Risiti ya aina hii ipigwe picha siku ile ile inapopokewa. Hapa picha ya simu ni rekodi bora kuliko karatasi ya asili.

Mikataba nayo imelegezwa. Marekebisho ya sheria za biashara yaliyoanza kutumika Machi 2020 yaliitambua sahihi ya kielektroniki katika mikataba, na yakaondoa sharti la kampuni kuwa na muhuri wake rasmi. Makubaliano ya kukodisha ghala au kuleta bidhaa kila mwezi yanaweza kutiwa sahihi bila mtu kusafiri kutoka Kapsokwony hadi Bungoma mjini akiwa na bahasha.

Lakini si kila kitu kihamishwe. Hati miliki ya ardhi, wasia, hundi, vyeti vya asili vya shule na vya kuzaliwa, na mkataba wowote ambao tayari ulitiwa sahihi kwa kalamu, vibaki kwenye karatasi na vifungiwe mahali pakavu. Barua ya kuagiza na hati ya kupokea mzigo zenye sahihi za kalamu zipigwe picha, na karatasi zenyewe zitunzwe angalau hadi deni lilipwe. Sheria ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki mahakamani, ila kifungu cha 106B kinaweka masharti, pamoja na cheti cha mtu anayehusika na kifaa akieleza jinsi rekodi ilivyotolewa. Picha iliyopitishwa kwenye simu za watu sita hadi hakuna anayekumbuka aliyeipiga itamtia wakili taabuni.

Kuanza na katoni tupu

Njia rahisi ya kujua karatasi inatoka wapi ni kuweka katoni tupu karibu na printa kwa wiki moja. Kila kinachochapishwa, pamoja na kilichoharibika, kitupwe humo badala ya kwenda kwenye faili au pipa, isipokuwa kile anachopewa mteja. Jumamosi jioni wafanyakazi waimwage mezani na kuuliza swali moja kwa kila karatasi: ni nani atakayeiomba tena? Zile ambazo jibu lake ni "hakuna" huwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Mtu amechapisha barua pepe ili aisome. Mwingine amechapisha orodha ya bei mara tatu kwa sababu ya kosa moja la tahajia. Jedwali la Excel limetoka kurasa 14, kila ukurasa una safu moja iliyobaki, kwa kuwa hakuna aliyeangalia kwanza jinsi litakavyotokea wala kuliamuru litoshee kwenye ukurasa mmoja.

Makosa ya mwisho hayo yanamalizwa kwa mipangilio ya printa. Iwekwe ichapishe pande mbili kila wakati, mpaka mtu aseme vingine, na si kinyume chake. Printa isiyoweza kugeuza karatasi yenyewe inaweza kuchapisha kurasa za witiri kwanza, kisha karatasi zikarudishwa kwa upande wa pili. Karatasi iliyochapishwa upande mmoja na isiyo na siri ya mtu hutumika tena kwa rasimu au kukatwa iwe vijidaftari vya kaunta.

Vyeti ni eneo jingine la uharibifu. Cheti cha usajili wa biashara hupatikana upya kupitia eCitizen. Cheti cha PIN na cha kutodaiwa ushuru hutolewa kwenye iTax, na hicho cha pili hudumu miezi 12 tu, kwa hiyo kopi 20 zilizotolewa mapema huishia kuwa takataka. Wafanyabiashara wana haki ya kulalamika kwamba afisi za umma, za kaunti zikiwemo, nazo huchangia tatizo hili kwa kuomba kopi ya kila kitu. Kabla ya kwenda saiba, mwombaji aulize kwenye dirisha husika kama faili ya PDF inapokelewa. Pengine jibu litakuwa la, lakini mara nyingi kopi hubebwa kwa mazoea tu, bila yeyote kuziomba.

Taarifa ya M-Pesa huombwa kwenye simu na kuja kama PDF yenye neno la siri. Ikichapishwa, mtu huanza kunakili tarakimu kwa mkono na kukosea. Ni afadhali ibaki kwenye kompyuta, mahali ambapo nambari ya malipo hutafutwa kwa sekunde chache. Hati za mshahara vilevile zinaweza kutumwa kwa maandishi ya kielektroniki, mradi kila mfanyakazi atumiwe kwa nambari yake mwenyewe. Kuzibandika kwenye kundi la WhatsApp la kazini ni kutangaza mishahara ya watu.

Simu ya karani si kabati

Hapa ndipo afisi nyingi zilizojaribu kuacha karatasi zimekwama. Karani mchangamfu anaanza kupiga picha za risiti kwa simu yake. Zinakaa katikati ya picha za harusi na za mtoto. Miezi minane baadaye simu inaibwa sokoni, au karani anapata kazi Eldoret, na rekodi za biashara zinaondoka naye. Mwenye duka anarudi kwenye vitabu vya kaboni, akiapa kwamba mambo ya mtandao hayafai.

Kosa halikuwa la mtandao. Biashara inahitaji anwani ya barua pepe iliyo yake, isiyo ya mfanyakazi yeyote, ambayo neno lake la siri linajulikana na mwenye biashara na mtu mmoja mwingine anayeaminika. Picha na PDF zote zitumwe au zihifadhiwe huko. Programu za kupiga picha za stakabadhi, kama ile iliyo ndani ya Google Drive, hunyoosha ukurasa na kuugeuza kuwa PDF inayosomeka bila malipo yoyote.

Jina la faili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. "Picha 4471" haitapatikana kamwe. Jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha muuzaji na kiasi, kwa mfano "2025-03-14 mafuta 3500", hujipanga lenyewe kwa tarehe. Folda 12 za miezi ndani ya folda ya mwaka zinatosha kwa biashara ndogo. Mipango yenye folda ndani ya folda ndani ya folda huachwa kabla ya Pasaka.

Kila rekodi iwe mahali pawili kwa uchache, na pamoja pasiwe katika chumba kimoja. Kompyuta na flashi iliyochomekwa ndani yake zitaungua pamoja moto ukizuka, na zitaibwa pamoja. Hifadhi ya mtandaoni pamoja na diski inayolala nyumbani kwa mwenye biashara ni mpango mzuri. Mara moja kwa mwezi mtu afungue faili tatu bila kuchagua na kuhakikisha zinasomeka. Stima ikipotea siku nzima, kitabu kimoja cha risiti kiwe kaunta kwa dharura, na kilichoandikwa humo kiingizwe inaporudi. Kuwa na kitabu hicho si kushindwa.

Karatasi za zamani na majina yaliyomo

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Agosti 2017, karatasi iliyotumika imepata soko jipya. Njugu, mandazi na mihogo ya kukaanga hufungwa kwa chochote kilichopo. Ni jambo la kawaida mnunuzi akimaliza njugu zake kuona kwamba ameshika orodha ya wanafunzi na karo wanazodaiwa, au nakala ya kitambulisho cha mtu, na nambari ya simu kando. Karatasi hiyo ilitoka afisi fulani iliyoamua kusafisha kabati.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu pia habari za watu zilizo kwenye mafaili ya karatasi, na inataka zisikae kuliko muda unaohitajika. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 huondolewa sharti la kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa katika sekta fulani kama vile afya na elimu. Msamaha huo ni wa usajili tu. Wajibu wa kulinda habari za wateja unabaki, na Kamishna anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kutegemea kipi ni kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia simu mnunuzi wa karatasi kuukuu, mafungu mawili yatengwe. Zilizopita miaka mitano na zisizo na jina wala nambari ya mtu zinaweza kuuzwa. Zikiwa kavu na safi huenda kwa wanaotengeneza karatasi za msalani na katoni. Rekodi za ajira zisiharakishwe, kwa kuwa Sheria ya Uajiri inataka maelezo ya mfanyakazi yatunzwe miaka mitano baada ya kuondoka kazini, na si baada ya kuajiriwa. Stakabadhi zinazohusu kesi au mgogoro wa ushuru usiokwisha zisiguswe.

Zenye majina ziharibiwe kwanza. Mashine ya kukata karatasi ikikosekana, ndoo ya maji inatosha. Karatasi zichanwe vipande, zilowekwe usiku kucha, na asubuhi zikorogwe kwa mti hadi ziwe rojo ambalo hakuna anayeweza kulisoma. Rojo la karatasi za kawaida linaweza kuchanganywa na majani na mabaki ya jikoni kwenye mboji. Pini na klipu zitolewe mapema, na zile risiti nyembamba zinazong'aa zisitiwe ndani, kwa sababu ya kemikali iliyo juu yake. Hizo zikatwe kwa makasi na kupelekwa pamoja na taka nyingine.